Kenge wa Ghorofa ya Pili

Palikuwa na nchi. Sisemi ipo, maana kusema ipo kunahitaji kibali, na anayetoa vibali amekwenda semina. Nasema palikuwa, na mwenye masikio yake ataamua mwenyewe kama mimi ni mwongo.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Mlezi. Siku moja alisafiri ng'ambo, akapokewa na mfalme mmoja aliyelaza kenge mkubwa mbele ya kiti chake. Kenge yule alikuwa mtulivu, amefumba macho, kidevu chini kama paka aliyeshiba maziwa. Mtukufu Mlezi hakula vizuri safari nzima. Aliporudi, ndege haijasimama sawasawa, alitoa hotuba akiwa bado juu ya ngazi.

"Ndugu wananchi! Taifa lolote linaweza kufuga kuku. Kuku hana msimamo. Lakini taifa linaloweza kumfuga kenge, likamtuliza, likamwambia lala hapa naye akalala hapo, hilo ni taifa! Wenzetu wamefika. Sisi tunangoja nini?"

Wananchi walipiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua wanangoja nini.

Wiki iyo hiyo Wizara ya Makazi ikawa Wizara ya Makazi na Kenge. Ikapita sheria kwamba ni marufuku kumtukana mtu kwa kumwita kenge. Methali ya msafara wa mamba nayo ikasahihishwa: sasa katika msafara wa kenge na mamba wamo, ila kwa mwaliko. Kisha wataalamu wakaagizwa waeleze kenge anahitaji nini ili aishi vyema akiwa amefungiwa. Wakasema anahitaji joto, taa ya kuota mchana kutwa, maji ya kulowesha mwili mzima, pango kavu la kujifichia na nafasi ya kutembea bila kugonga ukuta. Wizara ikatazama huku na huku, ikaona yote hayo yamo katika maghorofa mapya ya Tumaini, yaliyokuwa yamejengwa kwa ajili ya watumishi wa serikali. Mahitaji ya watumishi hayakutazamwa, kwa sababu watumishi hawakuwa na wataalamu.

Miongoni mwa watumishi hao alikuwemo Ngwali Mshindo, karani wa idara ya mizani. Yeye, mkewe Mwatima na mama mkwe wake, Bi Mchanga, walikuwa wakiishi chumba kimoja huko Bondeni, mahali ambapo mvua haikukubali kuishia juu ya bati. Bi Mchanga alikuwa na kifua. Kila masika kilimpanda, akakohoa mpaka majirani wakampa pole kupitia ukutani. Ngwali alikuwa ameomba nyumba ya Tumaini tangu Tumaini ikiwa msingi.

Aliposikia maghorofa yamekwisha, alikwenda kwenye dirisha la Wizara.

"Dada, nyumba zipo?"

"Zipo, kaka. Zimepata wapangaji."

"Wapangaji gani, na sisi wote tumesimama hapa nje?"

"Kenge."

Ngwali alidhani ametukanwa, kisha akakumbuka sheria.

"Kenge nani?"

"Kenge, kaka. Wa mtoni. Mwenye mkia." Yule dada alikuwa amelieleza jambo hilo tangu asubuhi, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ila kila kenge anatakiwa awe na wasaidizi wa kuishi naye, wamlishe, wamsafishie, wamfuge mpaka atulie. Una familia?"

"Ninayo."

"Inaogopa kung'atwa?"

Ngwali akamfikiria Bi Mchanga na masika yanayokuja.

"Haiogopi," alisema.

Hivyo ndivyo walivyohamia ghorofa ya pili. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa KENGE, na chini yake, kwa chaki, *na wasaidizi*. Chumba kikubwa chenye dirisha la jua kilikuwa cha kenge. Humo mlikuwa na taa kubwa ya joto iliyoning'inia kwa mnyororo, gogo la kupandia na sanduku la mbao la kujifichia. Bafu nalo lilikuwa lake. Ngwali na mkewe walilala jikoni, Bi Mchanga alitandikiwa kwenye ujia. Umeme ulikatika kila siku mtaa mzima, zahanati ikiwemo, lakini waya wa taa ya kenge ulikuwa na njia yake, usiojua matatizo ya wengine.

Mpangaji mwenyewe aliletwa ndani ya gunia na wanaume wanne wenye glavu, akitoa sauti kama tairi la lori lililotoboka. Alipomwagwa sakafuni alikuwa mrefu kumzidi Bi Mchanga, ukimnyoosha pamoja na mkia, mweusi mwenye madoa ya manjano, na alikuwa na hasira za mtu aliyetolewa kwao bila kuulizwa.

Maelekezo ya Wizara yalikuwa mepesi. Ili kumtuliza kenge, msaidizi amsomee hotuba za Mtukufu Mlezi kila asubuhi, kwa sauti ya kutia moyo. Ngwali alisimama na kusoma. Kenge akavimbisha koo, akapuliza, akakunja mkia kama upinde. Ngwali alipofika kwenye "ndugu wananchi", mkia ukamchapa ugokoni, akaangukia hotuba.

Mwatima alimkanda kwa maji ya chumvi.

"Labda hakupenda kuitwa mwananchi," alisema.

"Punguza sauti, mke wangu."

Serikali ilileta mayai na vichwa vya samaki kwa ajili ya kenge. Wasaidizi walitakiwa wajitegemee. Mwatima alichonga fimbo ndefu, akawa anachoma kichwa cha samaki kwenye ncha yake na kumsogezea mpangaji kwa mbali, maana mkono ni mkono. Hilo aliliweza. Lililomshinda ni bafu. Kenge ana tabia moja ambayo wataalamu hawakuitaja: huingia majini, hujinyoosha, hutulia kama anayewaza mambo makubwa, kisha hujisaidia humo humo. Mwatima alisugua bafu asubuhi, akasugua mchana. Wao wenyewe walioga kwa kopo kwenye roshani, nyuma ya khanga iliyotungikwa, upepo ukiinua khanga na mtaa mzima ukitazama.

"Nimeolewa, nimehangaika, nimepata nyumba yenye bafu," alisema siku moja akiwa amepiga magoti na brashi mkononi. "Na anayeoga ni kenge."

Bi Mchanga yeye hakuwa na habari na hotuba wala bafu. Asubuhi moja ya baridi alichukua mkeka wake na ukili wake wa kusuka, akaingia chumba cha kenge, akakaa chini ya taa. Mwatima alipomwona alipiga yowe.

"Mama! Toka humo!"

"Kuna joto."

"Kuna kenge!"

"Yuko kule sandukuni, mimi niko hapa. Nani kamgusa mwenzake?"

Kenge alipuliza mle sandukuni mpaka pumzi ikamwishia. Bi Mchanga hakumtazama. Alisuka ukili wake, akaota joto, adhuhuri akatoka. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Baadaye kenge akawa anatoa kichwa, ulimi wake wa panda mbili ukionja hewa. Siku moja Bi Mchanga alisahau khanga yake kuukuu pale alipokaa. Alipoirudia akaikuta imeburutwa hadi sandukuni, kenge kaitandika, kailalia.

"Mwizi," alisema Bi Mchanga, akaenda kuchukua nyingine.

Haikuchukua muda wakawa wanagawana taa, yeye upande huu, kenge upande ule. Na mchana mmoja kenge akatambaa polepole, akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Bi Mchanga, akafumba macho. Bi Mchanga akaendelea kusuka. Kifua chake nacho kilikuwa kimetulia. Alfajiri moja Mwatima alishtuka usingizini kwa sababu ya ukimya, akakimbilia kwenye ujia akidhani mama yake amefariki. Alimkuta amelala kama mtoto.

Ngwali alifurahi mno. Furaha haikai tumboni, basi akamtolea jirani wa ng'ambo ya ngazi, Bi Kisanga, mjane aliyekuwa akiishi na kenge mwingine na dada zake wawili. Bi Kisanga alimshika sikio akamvuta ndani.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Kwani vipi, dada?"

"Basi ufunge mdomo. Kenge akishatulia si wenu tena, ni wa taifa. Anachukuliwa, na nyumba inapewa kenge mwingine na watu wengine. Wale wa chini yenu unadhani walikwenda wapi?"

"Tuliambiwa wamepanda cheo."

"Walipanda lori. Na vitanda vyao." Akamwachia sikio. "Kenge wao alifia Ikulu kwa baridi ya kiyoyozi, ndiyo maana sasa wanatafuta mwingine. Mimi huyu wangu namkanyaga mkia kila siku ya ukaguzi. Mkaguzi akiingia, anataka kummeza na viatu vyake. Mkaguzi anasema jitihada ziendelee, nasi tunaendelea. Ghorofa zima tunaishi hivyo, Bwana Ngwali. Usituharibie."

Ukaguzi ulikuwa umekaribia. Ngwali alirudi nyumbani, akachukua fagio, akasimama mbele ya kenge ili amkasirishe. Alitaka kumtukana akakosa tusi, maana tusi alilolijua lilikuwa ndilo jina lake. Akapunga fagio. Kenge akalionja kwa ulimi. Mwatima akagonganisha mifuniko ya masufuria, kenge akapiga mwayo. Hatimaye Ngwali akafumba macho, akamkanyaga mkia. Kenge aliuvuta mkia wake kando, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Bi Mchanga alikuwa akiwatazama.

"Mmepatwa na nini?"

"Mama, akionekana ametulia tunafukuzwa," alisema Mwatima.

"Serikali imewaweka hapa mumfuge."

"Ndiyo."

"Na mkimfuga inawatoa."

"Ndiyo, mama."

Bi Mchanga alifikiri kidogo. "Mimi sikusoma," alisema, "lakini hata waliosoma hapo nadhani wangeomba maji ya kunywa."

Mkaguzi aliitwa Bwana Kapilima, Mkaguzi wa Utulivu Daraja la Kwanza. Alikuja na suti, viatu vya kung'aa na mtu wa kumshikia mwavuli, hata ndani. Alikuwa ametoka kwa Bi Kisanga, na suruali yake ilikuwa imepungua. Aliingia kwa tahadhari. Kenge akatoka sandukuni, akavuka chumba bila haraka, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Bwana Kapilima.

Bwana Kapilima alitokwa na machozi.

"Leo anaumwa, Bwana Mkaguzi," Ngwali aliwahi kusema. "Siku nyingine ni mkali mno."

"Usijishushe, Bwana Ngwali."

"Nakuapia ni mkali! Tazama ugoko wangu!"

"Ugoko wako utakumbukwa na taifa," alisema Bwana Kapilima, akijifuta macho. "Umefanya kazi kubwa. Serikali inawapongezeni nyote. Mtahama kesho kutwa."

Wanaume wenye glavu walipomtia kenge guniani, Bi Mchanga aliwasukumia khanga yake kuukuu. "Mtieni na hii. Na huko mwekeeni taa."

"Bibi, huko anakokwenda kuna kila kitu," walimjibu.

Wakarudi Bondeni. Chumba chao kilikuwa kingali wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekitaka.

Sikukuu ya Ulezi iliadhimishwa uwanjani asubuhi ya baridi kali, nao waliisikiliza kwenye redio. Mtangazaji alieleza zulia jekundu, bendi ya matarumbeta, mizinga, na kenge aliyevishwa utepe wa rangi za taifa.

"Na sasa, ndugu wasikilizaji, Mtukufu Mlezi anashuka jukwaani. Anainama. Anampa kenge wetu mkono. Ndiyo, anampa mkono... bado anampa mkono... Mtukufu Mlezi anaendelea kumpa mkono..."

Kisha redio ikapiga muziki wa ngoma mpaka jioni.

Taarifa ya habari ilieleza kwamba kenge alimsalimu Mtukufu Mlezi kwa kinywa, kama ilivyo mila ya kenge, na kwamba Mtukufu anaendelea kupokea salamu hizo hospitalini. Iliundwa tume. Tume iligundua kwamba kenge yule alithibitishwa na Mkaguzi wa Daraja la Kwanza kuwa mtulivu, mtulivu haumi, kwa hiyo kilichouma ni utulivu wenyewe. Mtukufu Mlezi, mkono ukiwa umefungwa bendeji kubwa kama mtoto mchanga, aliitangazia nchi siasa mpya.

"Ndugu wananchi, tulidanganywa na wageni! Kenge mpole ni hatari, maana hana ishara. Kuanzia leo kila kenge wa nchi hii awe mkali, na ajulikane ni mkali, ili adui atetemeke!"

Bi Kisanga alivishwa nishani siku hiyo hiyo, kwa kulinda ukali katika mazingira magumu. Na lori likafika Bondeni kumchukua Ngwali na familia yake. Waziri wa Makazi na Kenge alikuwa ametamka kwamba aliyefuga ndiye ajuaye kufugua.

Walikuta kibao kile kile cha shaba. Mwatima aliushika ukuta mkavu kwa viganja vyote viwili, akauegemea. Kenge wao alikuwa ameshaletwa. Alikuwa amekonda, mbavu zikihesabika, ana jeraha kwenye taya. Amelala chini ya taa bila hata kuinua kichwa. Bi Mchanga alitandika mkeka wake kando yake, akaanza kusuka.

Bwana Kapilima alifika mchana. Alikuwa ameshushwa hadi Daraja la Tatu, na mwavuli aliushika mwenyewe. Alimkabidhi Ngwali rungu lenye nembo ya serikali.

"Apigwe asubuhi na jioni," alisema. "Mpaka akiona mtu avimbe. Anza sasa, nione."

Ngwali aliinua rungu. Kenge akatambaa kuelekea kwa Bi Mchanga, akaweka kidevu juu ya mguu wake. Rungu likashuka juu ya gogo.

"Umekosa."

Likashuka tena juu ya gogo.

"Bwana Ngwali, mimi nina watoto," alisema Bwana Kapilima, na kwa mara ya kwanza hakuwa anahutubia. "Nishushwe mara moja tena, mimi ndiye nitakayekuja kupanga Bondeni. Kesho nitarudi. Nikimkuta hivi mnatoka, na safari hii hakuna lori."

Alipoondoka, Mwatima ndiye aliyeanza.

"Mpige."

"Mpige wewe," alisema Ngwali.

"Ni mnyama, Ngwali! Mnyama anayekunya bafuni! Masika haya hapa. Mama akirudi kwenye lile tope hatoki salama, na wewe unapiga gogo! Gogo limekukosea nini?" Alikuwa akilia. "Miaka yote tumengoja nyumba. Nipe hilo rungu."

Akampokonya, akasogea, akaliinua. Kenge akageuza kichwa. Aliuona mti mkononi mwa Mwatima, akadhani ni ile fimbo, maana kwa fimbo ndivyo Mwatima alivyokuwa akimlisha. Akafumbua kinywa taratibu, akangoja samaki.

Mwatima akabaki ameinua mkono. Kisha akalitupa rungu ukutani, akakaa chini sakafuni kama mzigo.

"Siwezi," alisema. "Mwenyezi Mungu aniue, siwezi, na namchukia."

Bi Mchanga aliweka ukili wake kando.

"Mtu akipigwa kila siku akawa mbaya, nitamlaumu nani?" alisema. "Nipeni khanga mbili za upana. Kesho mapema tutamrudisha kwao."

"Na kifua chako, mama?" aliuliza Ngwali.

"Kifua ni changu, baba. Sikukuomba ukibebe."

Kulipopambazuka walimfunga kwenye khanga, Ngwali mbele, Mwatima nyuma, Bi Mchanga akifuata kwa fimbo yake. Pale ngazini mlango wa Bi Kisanga ulifunguka. Aliwatazama, nishani ikiwa bado kifuani juu ya gauni la kulalia. Walisimama. Bi Kisanga akashuka mbele yao, akawafungulia mlango mkuu, akaushika mpaka wote wakapita.

Nyuma ya tanuri za matofali mto ulikuwa umejaa matete. Walimweka ukingoni, wakafungua khanga. Kenge alikaa kidogo, ulimi ukionja hewa. Kisha akaingia majini kimya, mkia ukamfuata, matete yakatikisika mara moja yakatulia. Mwatima alisimama akitazama pale matete yalipojifunga.

"Hata hakugeuka," alisema. "Nimemsugulia bafu asubuhi na mchana, na hata hakugeuka."

"Ageuke atazame nini?" alisema Bi Mchanga. "Twendeni, miguu inaniuma."

Mchana ule Bwana Kapilima aliwatoa, na kama alivyoahidi hapakuwa na lori. Vitanda walivibeba kichwani. Yeye mwenyewe aliwasaidia kushusha godoro ngazini, akitazama huku na huku asionekane, kisha akapanda tena kwenda kusimamia usafi wa bafu, kwa kuwa kenge mwingine alikuwa njiani.

Masika yalifika. Kule Bondeni mvua ilipita kwenye bati kama isiyoliona, na kifua cha Bi Mchanga kikapanda, kibaya kuliko mwaka uliotangulia. Ngwali alihamisha kitanda cha mama mkwe wake pembe hii, akakihamisha pembe ile, akakosa pembe kavu, akaupiga ukuta ngumi kwa hasira, na udongo ukamwagika.

"Mama," Mwatima alimwuliza akimsugua mgongo, "unajuta?"

Bi Mchanga alikohoa mpaka akamaliza, akangoja pumzi irudi.

"Najuta," alisema. "Unadhani mimi ni malaika? Kila nikikohoa naililia ile taa." Akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Lakini hakuna anayepigwa ili mimi nipate joto. Mwambie mumeo aache kupiga ukuta, ndio uliobaki."